Darubini ya Mtu wa Ikweta

Fungua kijitabu kinachokuja na darubini yenye stendi ya kufuata nyota, nawe utakutana mapema na agizo hili: elekeza mhimili kwenye Nyota ya Kaskazini. Kwa mtu aliyesimama London agizo hilo halina shida. Nyota hiyo imekaa pale pale usiku kucha, nyuzi 51 na ushei juu ya upeo, na anga zima linaizunguka. Kwa mtu aliyesimama Dar es Salaam nyota hiyo haipo. Iko karibu nyuzi 7 chini ya upeo, imezibwa na Dunia yenyewe, na haitachomoza kesho wala mwakani. Nairobi inaikosa kwa kidogo tu, nyuzi moja na ushei, lakini kukosa ni kukosa.

Hapo ndipo ninapoanzia kila mwanafunzi, au mzazi, au mwalimu mwenzangu aliyepata fedha kidogo za ziada anaponiuliza anunue darubini gani ya kwanza. Wao hutaka jina la kampuni na bei. Mimi huwauliza wataisimamisha wapi, na ni nini kinachopita juu ya mahali hapo. Vyombo vingi vya wanaoanza vimebuniwa na watu wa anga jingine, na ushauri mwingi unaozunguka duniani umeandikwa kwa ajili ya anga hilo: la kaskazini, la usiku mrefu wa baridi, la sayari ambazo miaka mingine hutambaa chini karibu na mapaa ya nyumba. Sisi tunaishi chini ya anga la namna nyingine. Kwa maoni yangu ni anga bora kuliko yote ambayo mwanadamu anaweza kuzaliwa chini yake, na ninaweza kulitolea ushahidi.

Chukua Zohali. Mwaka 2018 sayari hiyo ilikuwa kusini kabisa mwa njia yake, na kutoka London haikupanda zaidi ya nyuzi 16 au 17 hata ilipofika kilele. Aliyeitazama huko aliitazama kupitia hewa nene ya karibu na ardhi, ikichemka na kutetemeka. Usiku huo huo, kutoka Dar es Salaam, ilipita kwenye nyuzi 74, karibu na utosi, ambako nuru hukatiza hewa kidogo kuliko kwingine kokote. Sayari zote huambatana na njia ya Jua, na njia ya Jua kwetu hupita juu ya vichwa. Au chukua jioni ya mwezi Novemba nje ya mji, mvua za vuli zikiruhusu. Mnamo saa tatu usiku, ukitazama kaskazini, galaksi ya Andromeda imepanda nyuzi 40 na kitu. Ukigeuka kusini, Wingu Dogo la Magellan liko nyuzi 20 na zaidi. Hizo ni galaksi mbili, zinazoonekana kwa macho matupu, kwa kugeuza shingo tu. Mtu wa London hataliona wingu hilo maisha yake yote akikaa kwao. Mtu wa Cape Town huipata Andromeda kwa taabu, chini kabisa upande wa kaskazini.

Anga la namna hii linastahili chombo kilichochaguliwa kwa ajili yake.

Dukani utaanza kukutana na boksi. Boksi lina picha ya nebula yenye rangi za waridi na zambarau, na kando ya picha kuna maandishi makubwa yanayoahidi kukuza mara 525. Hesabu yenyewe haijaghushiwa. Urefu wa fokasi wa bomba ni milimita 700. Ukiugawa kwa lenzi ya jichoni ya milimita 4 unapata 175. Ukiongeza lenzi ya katikati inayozidisha mara tatu unafika 525. Kilichoachwa kusemwa ni kwamba lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 60, na wazoefu wanajua kwamba kila milimita ya kipenyo inaweza kubeba ukuzaji wa mara 2, basi. Mwisho wa chombo hicho ni mara 120. Ukivuka hapo picha inakuwa kubwa, hafifu, na haina kitu kipya ndani yake. Galileo aliiona miezi minne ya Mshtarii mnamo Januari 1610 kwa chombo kilichokuza kama mara 20, na mambo aliyoyaona kwa mara 20 hizo yaliwagombanisha wasomi wa Ulaya kwa miaka mingi.

Kwa hiyo soma kipenyo kwanza. Mboni ya jicho la kijana lililozoea giza hufunguka kama milimita 7. Kioo cha milimita 130 hukusanya nuru zaidi ya mara 300 ya mboni hiyo. Na kwa kuwa eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo, kioo hicho kinaizidi lenzi ya milimita 60 karibu mara tano, ingawa kwenye karatasi namba hizo zinaonekana kama mara mbili na kidogo. William Herschel alipoikuta Uranus tarehe 13 Machi 1781, akiwa kwenye bustani ya nyumba yake mjini Bath, alitumia kioo cha inchi 6 na ushei alichokisugua kwa mikono yake, cha mchanganyiko wa shaba na bati, ambacho hakikuweza kurudisha nuru kama vioo vya leo vilivyopakwa alumini. Anayenunua leo darubini ya kioo ya milimita 150 anabeba nyumbani chombo kinachoweza kulinganishwa na kile kilichoongeza sayari kwenye orodha ya wanadamu. Ningependa muuzaji amwambie mnunuzi hivyo, badala ya kumwambia habari za mara 525.

Sasa stendi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo anga letu linapoamua.

Stendi ya kufuata nyota ina mhimili mmoja unaopaswa kuelekea kwenye ncha ya anga, ili mkono mmoja tu ukiuzungusha, nyota ibaki ndani ya lenzi. Kwa Dar es Salaam ncha inayoonekana ni ya kusini, nayo iko nyuzi 7 tu juu ya upeo, mahali ambapo hakuna nyota angavu ya kulengea. Mhimili inabidi ulazwe karibu sambamba na ardhi. Stendi nyingi za bei ya chini hazikubali kulala hivyo. Skrubu hufika mwisho mapema, au lile pande la chuma la kusawazisha uzito linagonga mguu wa stendi kila unapotaka kugeukia upande wa pili. Nilimkuta kijana mmoja barazani kwao akihangaika na stendi ya aina hiyo aliyotumiwa na mjomba wake kutoka ng'ambo. Ameifuata picha ya kijitabu hatua kwa hatua, amekunja nyuzi 40 kama picha inavyoonyesha, na Mshtarii inamkimbia kwa mshazari kila akizungusha. Alidhani hana akili ya mambo haya. Tuliifungua ile kona, tukailaza hadi ilipogoma, tukaona pamoja kwamba aliyeibuni stendi hiyo hakuwahi kumfikiria mtu anayeishi Tandika, hapa Dar es Salaam.

Kuna pia ile darubini ya lenzi, bomba refu jembamba juu ya miguu mitatu ya kamera. Ukitazama upeoni inaonekana chombo safi kabisa. Ukiipeleka nyuzi 74 ambako Zohali hupita, mwisho wa jichoni unashuka hadi magotini, bomba linagonga miguu, na mtazamaji yuko chini amepiga magoti kwenye umande amegeuza shingo juu. Akigusa gurudumu la kulenga ili picha iwe kali, sayari inaruka huku na huku kwa sekunde kadhaa. Kwa ukuzaji wa mara 120 mzunguko wa Dunia huitoa sayari kwenye lenzi kwa chini ya dakika mbili, na sehemu kubwa ya muda huo imeliwa na mtikisiko. Ndiyo maana chombo hicho kinaishia juu ya kabati. Wenye nyumba husema mtoto alichoka na nyota. Sivyo. Mtoto hakupata kuziona.

Aliyetupatia sisi dawa hakuwa akitufikiria pia, ila dawa yake inatufaa kuliko alivyojua. John Dobson alizaliwa Beijing mwaka 1915, akakulia San Francisco, akawa mtawa wa Vedanta mwaka 1944. Ndani ya nyumba ya watawa alianza kusugua vioo vya darubini kutokana na vioo vizito vya madirisha ya meli, kwa sababu hakuwa na fedha, akaviweka kwenye mabomba ya karatasi ngumu na kuvisimamisha juu ya masanduku ya mbao. Alikuwa akitoka kuwaonyesha majirani anga, na mwaka 1967 akatolewa kwenye nyumba hiyo. Alifariki mwaka 2014, akiwa ametumia karibu nusu karne akisimama kwenye kona za barabara na kumwita kila mpita njia atazame. Stendi yake ni sanduku lililo wazi juu, linalozunguka kushoto na kulia juu ya ubao, na bomba linalopanda na kushuka ndani yake. Haina mhimili wa ncha wala haiulizi Nyota ya Kaskazini iko wapi. Ukiwa Kampala, Mombasa au Mbeya, inafanya kazi ile ile. Na kwa kuwa tundu la kutazamia liko ubavuni mwa bomba, karibu na mdomo wake wa juu, kitu kinapokuwa utosini mtazamaji anasimama wima au anakaa kwenye kiti, jicho likitazama kwa ulalo wa kawaida. Ina upungufu mmoja wa kweli: ikielekea utosini kabisa, kuisukuma kushoto na kulia kunakuwa kugumu. Kwa vile nebula ya Jabari hupita karibu na utosi wa Dar es Salaam, tatizo hilo utalikuta. Subiri nusu saa, itakuwa imesogea.

Bomba na kioo vya darubini yangu vilipokuja bila stendi, nilikwenda Keko kwa fundi seremala ambaye alikuwa amenitengenezea rafu za vitabu. Nilimchorea. Aliitazama ile karatasi muda mrefu.

“Mwalimu, hili kabati la nini halina mlango?”

“Si kabati, fundi. Ni kitako cha darubini. Kinatakiwa kizunguke.”

“Kizunguke chenyewe au kisukumwe?”

“Kisukumwe kwa kidole. Ukiacha, kibaki hapo hapo.”

Alinyamaza, akakwangua fomaika kwa ukucha, akaniambia kazi ipo kwenye kuteleza: kikiteleza sana upepo utakihamisha, kikikwama utasukuma kwa nguvu na kitaruka. Alikuwa ameifikia kwa dakika chache kanuni ambayo vitabu vya darubini hutumia sura nzima kuieleza. Tuliweka vipande vitatu vya Tefloni chini ya ubao uliopigwa fomaika, akavisogeza mbali na katikati, akajaribu, akavirudisha ndani kidogo, akajaribu tena, mpaka kidole kimoja kikatosha. Plaiwudi ilikuwa ya milimita 18. Alisisitiza gundi na skrubu pamoja, kwa sababu ya unyevu wa huku.

Jioni tulipoijaribu, Mwezi ulikuwa nusu, juu ya karakana, taa za barabara zikiwaka pande zote. Taa hazikutuzuia, Mwezi na sayari huonekana vizuri hata katikati ya mji, na hili ni jambo ambalo mtu wa mjini anapaswa kuliamini kabla ya kukata tamaa. Fundi aliinama kwenye lenzi. Alikaa hapo mpaka nikadhani hajaona kitu. Kisha akasema, jicho likiwa bado pale, kwamba mashimo yako mengi upande huu wa katikati, na kule kwenye mwanga mwingi hakuna kitu. Akaeleza mwenyewe sababu: yeye akitaka kuona kama randa imeacha mawimbi kwenye mbao, huishika taa ubavuni, kwa sababu taa ya juu huficha kila kitu. Ni hivyo hivyo. Mwezi mpevu, ambao watu wengi huusubiri ili waufungulie darubini yao mpya, ndio usiku wenye kivuli kidogo kuliko yote. Anayetaka kuona kuta za mashimo na vilele vya milima vikishika nuru peke yake penye giza atazame ukiwa mwembamba au nusu, kwenye ule mstari ambapo mchana wa Mwezi unapakana na usiku wake. Nimeshaifundisha mada hiyo darasani mara nyingi. Sasa naifundisha kwa mbao na taa.

Wapo wanaomshauri kila anayeanza anunue kwanza darubini ya macho mawili, ya 7x50 au 10x50, na naelewa kwa nini: haina stendi ya kuvunja moyo, na hapa kwetu inatosha kabisa kwa Kilimia, kwa nebula ya Carina, kwa miezi ya Mshtarii ikiwa umeegemea ukuta. Kwa mtu mzima mwenye subira nakubaliana nao. Kwa mtoto sikubaliani. Pete za Zohali hazionekani kwa kukuza mara 10. Zinahitaji walau mara 25 au 30, na sijaona kitu kingine angani kinachomfanya mtoto aondoe jicho, atazame mbele ya bomba kama kuna picha imebandikwa, kisha arudi. Pete zenyewe zina majira yake. Machi 2025 zilikuwa zimetugeuzia ukingo, zikawa uzi mwembamba, na zitakuwa zikifunguka tena taratibu kwa miaka kadhaa. Anayeanza sasa atazishuhudia zikipanuka mwaka hadi mwaka, jambo ambalo hakuna picha ya boksi inayoweza kulitoa.

Kabla ya kulipa chochote, tazama kwanza kupitia darubini ya mtu mwingine. Kenya, Susan Murabana na wenzake wa Travelling Telescope wamekuwa wakizunguka na darubini kwenye shule tangu 2014. Tanzania, Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria amewaonyesha watu anga kwa miaka mingi, na tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, mkoani Mbeya, kuona Jua likibaki pete ya moto. Usiku mmoja kwenye foleni ya namna hiyo utakufundisha mambo ambayo muuzaji hatakwambia: kwamba nebula kwa jicho ni ya kijivu, kwa sababu sehemu ya jicho inayoona kwenye giza haitambui rangi, kwamba kitu hafifu huonekana vizuri ukitazama kando yake kidogo, kwamba jicho linahitaji nusu saa ya giza kabla halijaanza kazi, na simu moja ikiwashwa hesabu inaanza upya. Kama baada ya kujua hayo bado unataka darubini, inunue.

Jua nalo litajwe bila kuzungusha maneno. Baadhi ya maboksi ya bei rahisi huwa na kichujio kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jichoni, kimeandikwa ni cha Jua. Kitupe. Kinakaa pale ambapo joto lote limekusanyika, kinaweza kupasuka ghafla, na jicho haliponi. Kichujio salama hufunika mdomo wa mbele wa bomba. Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli cha kupatwa kabisa kwa Jua kitapita Misri, Saudi Arabia na Yemen hadi Somalia, na Kenya italiona Jua likiliwa sehemu. Watu wengi watachomoa darubini makabatini siku hiyo. Wenye watoto wajitayarishe mapema.

Na pwani ni pwani. Chumvi hula alumini ya kioo, na unyevu wa masika huotesha kuvu kwenye lenzi ukiiacha ndani ya boksi la sponji lililofungwa. Mimi huhifadhi lenzi kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na kioo kikubwa sikifuti hovyo. Vumbi kidogo halizuii nuru. Mkwaruzo hautoki.

Kama unaniuliza moja kwa moja, basi: kioo cha milimita 130 au 150 juu ya sanduku la Dobson, la mezani kama huna nafasi, pamoja na lenzi mbili za jichoni, ya milimita 25 na ya 10. Kwa bomba la fokasi ya milimita 650 hizo zitakupa mara 26 na mara 65, na usiku wako mwingi utautumia hapo. Huko Marekani ya mezani ilikuwa ikiuzwa kama dola 200 hadi 300, kabla ya usafiri na ushuru. Anza Juni, masika yakiisha na kipupwe kikiingia. Kwanza Alfa Centauri, nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru minne na kitu, ambayo kwa jicho ni moja na kwa kioo hicho ni mbili zimekaa karibu. Kisha Omega Centauri, karibu nyuzi 50 juu ya upeo wa kusini, ambayo kwa jicho ni doa la ukungu. Kwa mara 65, mahali penye giza, kingo zake zinavunjika kuwa punje za nyota, na ukizidi kukaa hapo punje zinaendelea kuingia ndani kuelekea katikati. Kutoka London haichomozi.

Yule kijana wa Tandika sasa anataka kusugua kioo chake mwenyewe. Anajua itamchukua miezi: vioo viwili vya duara, unga wa kusugulia unaozidi kuwa laini hatua kwa hatua, maji, na kuzunguka pipa akisukuma kioo kimoja juu ya kingine mpaka cha chini kiwe na mgongo na cha juu kibonyee katikati. Amepata kioo kinene kwa wauza vioo, tunatafuta unga. Kupaka alumini hatuwezi kufanya hapa shuleni, kwa hiyo kioo kitabidi kisafirishwe, na hilo ndilo tunaloandikia barua sasa. Kipimo cha sanduku ameshampelekea fundi.